Filamu ya 1931: uso wa Dk. Jekyll unageuka mbele ya kamera bila mkato hata mmoja. Walifanyaje?

#1 Mchanga wa Pwani (mwanzisha uzi)
Wadau, salaam. Jana umeme ulirudi saa tano usiku, usingizi ukawa umeshakimbia, nikaamua kuangalia Dr. Jekyll and Mr. Hyde, ile ya Paramount ya 1931 aliyoiongoza Rouben Mamoulian. Nilijua dakika kumi tu nitakuwa nakoroma. Wapi! Nimelala saa nane.

Kwa wasioijua: Henry Jekyll ni daktari wa London. Anaamini ndani ya kila mtu wamo wawili, mwema na mwovu, na kwamba dawa inaweza kuwatenganisha kila mmoja ashike njia yake. Anajifungia maabara, anachanganya vitu vyake, anakunywa, anageuka Hyde, jamaa mwenye meno ya nje na nywele zinazokaribia kushika nyusi. Fredric March anawacheza wote wawili.

Sasa swali. Mara ya kwanza anapokunywa, anajitazama kwenye kioo na kamera imeganda usoni. Vivuli vinaanza kuingia chini ya macho, mashavu yanabonyea, mistari inachomoza kwenye paji la uso. Hakuna mkato. Nimerudisha nyuma mara saba. Picha haijakatwa, haijayeyuka kuingia nyingine, na mtu mwenyewe hajaondoka pale alipo. Ni 1931, kompyuta hakuna. Walifanyaje?

#2 Chapati Mbili
Nimewahi siti ya mbele. Wataalamu karibuni.

#3 Fundi Redio
Rahisi. Walisimamisha kamera, wakampaka mekapu kidogo, wakaendelea, wakasimamisha tena. Mwisho vipande vinaunganishwa kwa kuyeyusha kimoja juu ya kingine. Mazingaombwe yote ya sinema za zamani yalikuwa hivyo.

#4 Bint Pangani
Fundi, soma swali kwanza. Kasema hakuna kuyeyusha. Ukisimamisha kamera, mtu akirudi lazima bega au unywele uwe umehama, na wewe mtazamaji utaona mruko.

Mimi naona ni kipaji tu. John Barrymore kwenye ile ya kimya ya 1920 alianza kugeuka kwa kujikunja na kukunja uso, na ukimtazama unamwogopa kweli.

#5 Kisauni Kona
Dada, hakuna binadamu wa kukunja uso mpaka mashavu yatie giza. Labda walikuwa wanahamisha taa. Ukiweka taa chini ya kidevu hata bibi yangu anakuwa Hyde.

#6 Mzee wa Studio
Hamjambo vijana. Nilikuwa na studio ya picha Tanga, huko Ngamiani, tangu 1974 mpaka picha za rangi zilipotufungisha. Jibu ninalo, kwa sababu liliwahi kunigombanisha na mwanafunzi wangu.

Kwenye chumba cha giza tulikuwa tunasafishia picha kwa taa nyekundu, maana ile karatasi ya picha za nyeusi na nyeupe haioni wekundu. Siku moja kijana kaandika majina ya wateja juu ya bahasha. Nikaingia nazo gizani. Nashika ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Nikatoka nimewaka, nikamwita mvivu mbele ya wateja. Akazichukua mkononi mwangu akanionyesha: majina yote yapo. Aliandika kwa biki nyekundu. Chini ya taa nyekundu karatasi nyeupe inaonekana nyekundu, na wino nao ni mwekundu, jicho litatofautisha nini?

Ndicho walichomfanyia huyo daktari wenu. Mistari ya Hyde ilikuwa tayari usoni kwa March tangu mwanzo, imechorwa kwa mekapu nyekundu. Mbele ya lenzi kuna filta nyekundu: mistari haionekani, uso safi. Kisha filta ikatelezeshwa polepole ikaingia ya kijani au buluu, rangi inayozuia wekundu. Mistari ikatoka myeusi. Hakuna aliyemgusa. Yeye kazi yake ilikuwa kuhema na kukunja uso.

#7 Mchanga wa Pwani
Mzee shikamoo. Nimekaa chini.

Yaani nilipokuwa namwona Jekyll mzuri, Hyde alikuwa tayari amechorwa usoni, ila sisi tumefichwa?

#8 Mzee wa Studio
Marahaba. Ndiyo hivyo.

#9 Fundi Redio
Mzee kwa heshima zote, nina shaka. Filta nyekundu si itafanya picha nzima iwe nyekundu? Na ikibadilishwa iwe kijani si tungeona?

#10 Mzee wa Studio
Ingekuwa filamu ya rangi, ungeona. Mkanda wa nyeusi na nyeupe hauweki rangi, unaweka mwanga mwingi au mwanga kidogo, basi. Ila inataka mkanda unaoona rangi zote. Ile mikanda ya zamani zaidi ilikuwa kama karatasi yangu, haioni wekundu kabisa, kila chekundu kinatoka cheusi. Ndiyo maana kwenye sinema za kimya za mwanzoni kina mama waliopaka midomo nyekundu wanaonekana wamelamba masizi. Kwa mkanda ule mchezo huu usingewezekana.

#11 Sinema ya Kale
Mzee umemaliza. Niongeze majina tu: mpiga picha ni Karl Struss, na haikuwa mara yake ya kwanza. Mbinu hiyohiyo aliitumia kwenye Ben-Hur ya 1925, pale wenye ukoma wanapoponywa. Kule alikwenda kinyume: mekapu ya vidonda inaonekana kwanza, halafu filta inaifuta, ngozi inatakata mbele ya macho yako. Muujiza wa Yesu na laana ya Hyde, chombo kimoja.

Mamoulian mwenyewe aliificha siri hii miaka mingi, watu wakawa wanabahatisha kama tunavyobahatisha hapa.

#12 Chapati Mbili
Na Struss akachukua Oscar kwa kazi hii, sivyo?

#13 Sinema ya Kale
Hapana. Kwa hii aliteuliwa tu. Oscar yake ni ya Sunrise, kwenye tuzo za kwanza kabisa, na aligawana na Charles Rosher. Aliyebeba Oscar kwa Jekyll ni Fredric March, na hata yeye aligawana, na Wallace Beery wa The Champ. Kichekesho ni kwamba March alikuwa mbele kwa kura moja. Kanuni za wakati ule zilihesabu tofauti ndogo kama hiyo kuwa sare.

#14 Kisauni Kona
Kura moja halafu sare! Huku kwetu kura moja mtu anaapishwa.

#15 Bint Pangani
Sawa, nakubali nimeshindwa kuhusu kipaji, ingawa March bado kaigiza. Lakini Mzee, meno je? Na nywele? Meno hayachorwi kwa rangi nyekundu.

#16 Sinema ya Kale
Swali zuri, na hapa Fundi Redio anapata nusu ya maksi zake. Filta zinabeba mwanzo tu wa mageuzi. Vivuli vikishaingia, kamera inaacha uso na kuanza kuzunguka chumba kama pia, sauti na sura za watu waliomkera zinampitia kichwani, na tukirudi kwenye kioo, Hyde kamili anatutazama, meno na nywele vimeshavaliwa. Muda wa kizunguzungu ndio muda wa mekapu. Wally Westmore ndiye aliyekuwa fundi wake. Na kwenye mageuzi ya baadaye wametumia kuyeyusha picha juu ya picha, kama alivyosema #3.

#17 Fundi Redio
Nusu ya maksi naipokea. Baba yangu hakuwahi kunipa hata hiyo.

#18 Ngoma Droo
Mimi hii nimeiona kibanda umiza Mwanza, na mtafsiri juu. Kwa mtafsiri wetu ile dawa ilikuwa gongo, na Hyde akiongea alikuwa anadai chenji yake. Tulicheka mpaka wenye kibanda wakatishia kuzima. Ila sikumbuki meno. Uso haukubadilika sana, nyusi tu na kile kicheko.

#19 Sinema ya Kale
Ngoma Droo, wewe umeona ya MGM ya 1941, ya Spencer Tracy na Ingrid Bergman. Tracy alipakwa mekapu kidogo sana. MGM walipotaka kutengeneza yao walinunua haki za hii ya 1931 na kuifungia, ndiyo maana miaka mingi watu walikuwa wanaisikia tu.

#20 Ngoma Droo
Kwa hiyo nimecheka filamu isiyo yenyewe. Poa.

#21 Mchanga wa Pwani
Nimeangalia tena usiku huu nikiwa na somo la Mzee kichwani. Hata giza linavyoingia usoni unaona ni la mpigo mmoja, limetandazwa sawasawa, kama mtu anafunga pazia.

Lakini nimeibua jingine. Mwanzo wa filamu tunatazama kwa macho ya Jekyll. Tunaona mikono yake inapiga kinanda, muziki wa Bach, tunatembea naye, watumishi wanatusalimia sisi. Kisha anajitazama kwenye kioo na ndipo tunamwona sura mara ya kwanza. Kama kamera ndiyo macho yake, kwenye kioo tulitakiwa kuona kamera!

#22 Kisauni Kona
Aisee.

#23 Mzee wa Studio
Hapakuwa na kioo. Toboa ukuta, weka fremu, mwigizaji asimame upande wa pili. Sisi tuliopiga picha za harusi kwenye saluni zenye vioo kila ukuta tunajua kioo ni adui, dawa yake ni kukiondoa.

#24 Bint Pangani
Mmeshughulika na kamera, sasa tuzungumze habari za huyu bwana mwenyewe. Mimi siamini kwamba ni dawa. Tazameni kisa. Jekyll ana mchumba, Muriel. Anataka waoane upesi, anasema wazi hawezi kungoja. Baba mtu, Jenerali Carew, anakataa, eti adabu, eti subira, halafu anamsafirisha binti. Jekyll anabaki London peke yake na moto wake. Hapo ndipo dawa inakunywewa. Wangemwoza, filamu ingekwisha dakika ya ishirini.

#25 Fundi Redio
Mnasikia wakwe? Punguzeni mahari.

#26 Daktari Mchwa
Sikubaliani na Bint Pangani. Kuna kipande anasahau: kabla ya dawa yoyote, Jekyll anamkuta msichana mmoja, Ivy, amepigwa mtaani, anambeba hadi chumbani kwake, Ivy anamchokoza, na Jekyll hakimbii. Rafiki yake Lanyon ndiye anayewafuma. Baadaye Hyde anakwenda moja kwa moja kwa nani? Kwa Ivy. Kwa hiyo Hyde hakuvumbua kitu, alitekeleza tu orodha ya Jekyll. Dawa ni kisingizio cha mtu mwenye jina zuri.

Nina jamaa (simtaji) ambaye tarehe 1 hadi 25 ni mtu wa kuombwa ushauri na ukoo mzima. Mshahara ukitoka haijulikani anakolala. Akirudi anasema "pombe ile." Pombe ile ilijuaje njia ya kule?

#27 Ngoma Droo
Hahaha, #26 umenigusa bila kunitaja.

#28 Mama Wawili
Niruhusuni. Mimi naona ni ulevi, uraibu kabisa, wala si unafiki. Nimeuguza mtu. Mwanzo anakunywa kwa hiari yake, anasema nikitaka naacha. Jekyll naye anasema hivyohivyo, anaacha, anampelekea Ivy pesa za pole. Halafu anakaa bustanini, ndege anaimba, anatokea paka anamkamata ndege. Basi. Anageuka Hyde pale kwenye benchi bila kunywa tone. Pale nililia, nisingizie nini. Walioishi na mraibu wanajua siku ile anayokuja kugeuka bila hata kugusa kitu.

#29 Bint Pangani
Mama Wawili, pole. Hapo sina neno. Bado Jenerali simsamehe.

#30 Daktari Mchwa
Pole mama. Bado nasimamia langu, lakini kipande cha paka kinanipa kazi.

#31 Tui la Nazi
Nyote mnajadili kama kwamba Robert Louis Stevenson, mwenye hadithi ya asili, aliandika hayo. Kitabu chake cha 1886 hakina Muriel, hakina Ivy. Jekyll wa kitabuni ni mzee wa karibu miaka hamsini, asiye na mke wala mchumba. Wanawake waliingia kupitia jukwaani, mchezo wa Thomas Russell Sullivan wa 1887 alioucheza Richard Mansfield. Kwa hiyo nadharia ya mahari ni ya tamthilia. Kitabuni hata hatuambiwi Hyde anafanya nini usiku, isipokuwa mambo mawili matatu.

Na jamani kwenye filamu wanatamka "Jiikil", hamkusikia?

#32 Kisauni Kona
Nilisikia, nikadhani spika zangu.

#33 Chapati Mbili
Mansfield si ndiye alishukiwa kuwa Jack the Ripper, yule mwuaji wa London ambaye hakukamatwa?

#34 Tui la Nazi
Mchezo ulifika London 1888, mwaka uleule wa mauaji ya Whitechapel, na watu wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu aligeuka vizuri mno jukwaani. Kuigiza mwuaji hakukufanyi mwuaji.

#35 Nyani Haoni
Nimesoma kimya mpaka hapa. Niseme kilichonikera mimi. Hyde amepewa pua pana, midomo imevimba, ngozi imetiwa giza, nywele nzito. Mwingereza mweupe akitaka kuwa mwovu, anageuka nini? Mwaka 1931, Marekani ile ya wakati ule, nani alikuwa anachorwa hivyo? Mnasifia filta, lakini filta yenyewe kazi yake ni kumtia mtu weusi ndipo atishe.

#36 Sinema ya Kale
Ni hoja nzito. Kwa upande wa pili, Mamoulian alieleza kwamba alikusudia mtu wa kale, Neanderthal, mnyama kijana kabla ya kuwa mwovu. Na ushahidi upo: Hyde akitoka mara ya kwanza, mvua inanyesha, anavua kofia anaacha matone yampige usoni, anafurahi kama mtoto. Uovu unakuja taratibu. Kila akirudi, uso umechakaa zaidi.

#37 Nyani Haoni
Alichokusudia ni chake. Mimi nasema ninachokiona. Na Tui la Nazi atuambie, kitabuni yukoje?

#38 Tui la Nazi
Kitabuni ni mfupi, mdogo kuliko Jekyll, na amepauka. Nguo za Jekyll zinampwaya. Mkono wake ndio una nywele nyingi. Kila anayemwona anasema ana kasoro, akiulizwa kasoro gani hawezi kuieleza. Ila kuna mahali anafananishwa na mtu wa mapangoni, kwa hiyo mbegu ya nyani imo. Enzi zile baada ya Darwin hofu ya Waingereza ilikuwa hiyo: kwamba ngazi tuliyopanda tunaweza kuteremka.

#39 Ngoma Droo
Neanderthal si ndiye yule wa Olduvai? Basi Hyde ni Mtanzania, tudai mrabaha.

#40 Tui la Nazi
Ngoma Droo, keti. Yule wa Olduvai ni Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey Julai 1959. Neanderthal jina lake ni la bonde la Ujerumani, mifupa ya 1856. Hata Ngorongoro hawakufika.

#41 Ngoma Droo
Nimeketi.

#42 Daktari Mchwa
#35 na #36 mnaweza kuwa sawa wote wawili. Mtu anaweza kukusudia nyani na akachukua penseli aliyoikuta mezani.

#43 Nyani Haoni
Penseli ina mwenyewe.

#44 Fundi Redio
Tupunguze moto. Mimi nimevutiwa na sauti. Wakati anageuka kuna mlio sijawahi kuusikia, kama kengele inavutwa kwenda ndani badala ya kutoka. Na mapigo ya moyo. Ni muziki?

#45 Sinema ya Kale
Si muziki. Sauti kwenye sinema ilikuwa na miaka michache tu, wengi walikuwa wanaitumia kuongea basi. Mamoulian alichukua mlio wa gongo, akakata pale linapopigwa, akaugeuza ucheze kinyumenyume. Akaongeza mwanga wa mshumaa uliopigwa picha moja kwa moja kwenye njia ya sauti ya mkanda. Mapigo ya moyo ni yake: walijaribu ngoma, haikuridhisha, akapanda na kushuka ngazi mbio, kisha wakamrekodi kifuani.

#46 Fundi Redio
Mwanga kugeuzwa sauti inawezekana kabisa, kwa wasioamini. Njia ya sauti ya mkanda wa zamani ni mstari wa giza na weupe pembeni ya picha, taa inapita, jicho la umeme linasoma. Ukichora chochote pale, kitalia. Mjomba alikuwa mwendesha mashine ya sinema, mkanda ukikwaruzwa upande ule spika zinakohoa. Hii naiwekea mkono.

#47 Bint Pangani
Fundi leo umefika maksi sitini.

#48 Chapati Mbili
Halafu inasemwa ni filamu ya mwanasayansi mwendawazimu. Wazimu wake uko wapi? Anahutubia wanafunzi vizuri, anatibu maskini bure, hadi karamu ya wakubwa anachelewa kwa ajili ya mgonjwa.

#49 Mama Wawili
Kuna wazimu wa kujiona unaweza kujitibu mwenyewe usiku peke yako mlango umefungwa.

#50 Kisauni Kona
Wakuu, wakati nyie mnagombana mimi nimefanya jaribio. Nimechukua mdogo wangu, nimemchora mistari ya Hyde kwa lipstiki nyekundu. Simu nimeiweka nyeusi na nyeupe. Filta nyekundu ni ganda la pipi. Ya kijani ni kipande cha chupa ya soda iliyovunjika, nimekisugua kingo.

Matokeo: kwenye ganda la pipi, mistari imepotea kweli! Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza. Lakini nikiweka chupa, uso mzima unakuwa giza, mistari siioni. Hakuna Hyde, kuna dogo gizani.

#51 Mzee wa Studio
Ngozi yetu ina wekundu mwingi ndani yake. Filta ya kijani inaizuia ngozi pamoja na hiyo lipstiki, vyote vinatoka vyeusi. March alikuwa mweupe, ngozi yake ikabaki na mwanga, mistari ikajitenga. Studio tulikuwa tunalijua hili: mteja mweusi akipigwa kwa filta nyekundu anatoka amekunjuka, wengine walidhani tumewapaka kitu. Mpake dogo poda kwanza, ya kutosha, kisha chora upya juu ya poda. Na mtoe nje kwenye mwanga.

#52 Nyani Haoni
Ahsante Mzee. Kwa hiyo hata mbinu yenyewe ilipimwa kwa ngozi ya nani tumeshajua.

#53 Mzee wa Studio
Hilo sibishi. Hata filamu za rangi tulizoletewa baadaye, bibi harusi na shela lake: ukipata shela, humwoni bibi harusi.

#54 Sinema ya Kale
Tukiwa kwenye rangi: huyuhuyu Mamoulian ndiye aliyeongoza Becky Sharp ya 1935, filamu ndefu ya kwanza iliyopigwa yote kwa Technicolor ya rangi tatu. Sishangai. Alikuwa ameanza kufikiria kwa rangi wakati mkanda wake haujui rangi ni nini.

#55 Mchanga wa Pwani
Bado sijaelewa kitu kimoja. Mekapu ilikuwa nyekundu peke yake, au walichanganya rangi kadhaa, kila moja na filta yake ili vivuli vije kwa zamu? Maana nikitazama, giza la macho linatangulia, la mdomo linafuata.

#56 Fundi Redio
Rangi kadhaa. Filta moja inayotelezeshwa ingeleta vyote pamoja.

#57 Mzee wa Studio
Moja inatosha. Filta ikiteleza kutoka juu, macho yanatangulia kwa sababu yako juu.

#58 Fundi Redio
Lakini filta iko karibu na lenzi, haitakata uso kwa mstari, itabadilisha picha yote kwa pamoja.

#59 Mzee wa Studio
Inategemea umeiweka umbali gani.

#60 Bint Pangani
Na mimi nasema March ndiye aliyekuwa anainua kidevu. Kipaji!

#61 Kisauni Kona
IMEKUBALI. Nimempaka dogo poda ya mtoto nusu kopo, nikachora upya, tumetoka uani. Ganda la pipi: uso safi kama wa malaika. Nikatelezesha chupa: HYDE. Mistari imekuja myeusi tii. Mtoto wa jirani amekimbia. Video itakuja ikishapungua ukubwa.

Tatizo, mama ameingia. Anauliza nani amemaliza lipstiki yake, na dogo amesimama pale uso mzima ushahidi.

#62 Mzee wa Studio
Mpe mama ganda la pipi atazamie.